Kabla Hujanunua Sabufa ya Gari, Sikiliza Nyimbo Zako

Katika nyumba nyingi za Tanzania, sabufa ni seti nzima ya muziki: boksi lenye taa za rangi na sehemu ya kuchomeka flashi, rimoti yake, na vispika viwili au vinne vya kupanga pembeni ya televisheni. Kenya seti hiyohiyo huitwa wufa. Kwa sababu hiyo, mtu anapokwenda Kariakoo au Luthuli Avenue jijini Nairobi kutafuta sabufa ya gari, huenda na picha ya chombo kinachoimba chenyewe, na si ajabu kumkuta siku tatu baadaye akilalamika kwamba buti zima limejaa spika na bado mwimbaji hasikiki. Mwimbaji hawezi kusikika humo, hata kama fedha zilizotumika ni nyingi. Sabufa ya gari ni spika inayotengenezwa kwa kazi moja tu, kutoa sauti nzito za chini kabisa, na kila kilichobaki katika wimbo inawaachia wenzake wa milangoni.

Sauti ni hewa inayotetemeka, na wingi wa mitetemo kwa sekunde moja hupimwa kwa hezi. Sikio la kijana mwenye afya husikia kuanzia hezi 20 hivi hadi hezi 20,000. Katika ngazi hiyo ndefu, sabufa hukaa kwenye vidato vichache vya chini, kwa kawaida kuanzia hezi 20 au 30 na kuishia kwenye 80 au 100. Spika za milangoni hupokea kutoka hapo, na twita, vile vispika vidogo vya karibu na kioo cha mbele, humalizia sauti nyembamba za matoazi na za herufi kama s na sh. Sauti ya mwanamume anayezungumza kwa uzito wake wa kawaida huanzia takriban hezi 85. Ukimsikia mtangazaji wa redio akiongea kutoka kwenye buti, basi fundi amekosea kugawa sauti, na jambo hilo tutalirudia mwishoni.

Kwa hiyo swali la "sabufa ipi ni nzuri" halina jibu mpaka lingine lijibiwe kwanza: nyimbo unazopiga kila siku zina nini chini ya hezi 80? Majirani wawili wenye magari ya aina moja, rangi moja, wanaweza kuhitaji vitu viwili tofauti kabisa, na ushauri wa jumla wa dukani ukamfaa mmoja na kumtesa mwingine.

Chukua rumba ya Kongo na muziki wa dansi. Uzi mnene kuliko yote katika gitaa la besi la nyuzi nne hutoa hezi 41, na katika gitaa la nyuzi tano hushuka hadi 31. Mpiga besi wa rumba hatulii mahali pamoja. Anapanda, anashuka, anaacha pengo ili tumba zijibu, kisha anarudi kwa noti ambayo hukuitegemea. Utamu wake ni kusikia kila noti kwa uzito uleule, na wimbo unapoingia kwenye sebene noti hizo zinapangana kama shanga kwenye uzi. Shanga moja ikiwa kubwa kama embe na nyingine ndogo kama mtama, mkufu umeharibika. Tumba zenyewe, kwa taarifa ya wanaodhani ni kazi ya sabufa, hulia zaidi juu ya hezi 100, kwa hiyo ukitaka kuzisikia kama umesimama karibu na jukwaa, boresha milango.

Taarab asilia ya Zanzibar na Mombasa inadai kidogo zaidi. Ganuni, udi, fidla na akodiani, pamoja na sauti ya mwimbaji, karibu zote huishi juu ya eneo la sabufa. Kinachoshuka ni lile fidla kubwa la kusimama linalopigwa kwa vidole, ambalo nalo kwa kawaida huishia hezi 41. Mpenzi wa taarab asilia anayemaliza akiba yake kwenye sabufa, huku milangoni zikiwa bado spika za karatasi zilizokuja na gari kutoka Japani, amenunua viatu vya harusi akasahau kanzu. Taarab ya kisasa yenye kinanda na ngoma za mashine ina besi nyingi zaidi, na kwaya nyingi za injili zilizorekodiwa studio ziko katikati ya hizo mbili.

Upande wa pili wako wanaopenda besi inayojaza gari kama maji. Mwaka 1980 kampuni ya Roland ya Japani ilitoa mashine ya ngoma iitwayo TR-808, ikaacha kuitengeneza mwaka 1983, lakini pigo lake zito la ngoma ya mguu, lenye mkia mrefu unaofifia polepole, limekaa katika hip hop hadi leo. Watayarishaji huuvuta mkia huo, huubadilisha noti na kuufanya ndiyo besi yenyewe, mara nyingi kati ya hezi 30 na 60. Amapiano ya Afrika Kusini, ambayo sasa imeingia hadi ndani ya Bongo Fleva, ina besi yake ya mdundo wa gogo inayoteleza na kugonga katika eneo hilohilo. Rege nayo inatembea polepole na kuliweka gitaa la besi mbele ya vyombo vyote. Muziki wa namna hii unataka sabufa inayoshuka chini kweli na kushikilia noti bila kuchoka.

Singeli ni kisa cha peke yake. Muziki huu wa mitaa ya Dar es Salaam hukimbia mapigo 200 kwa dakika na kuzidi, wakati amapiano hutembea kwenye mapigo 110 hadi 115. Mapigo 200 kwa dakika maana yake ni pigo moja kila baada ya sekunde 0.3. Sabufa ikikawia kunyamaza baada ya pigo la kwanza, la pili linalikuta la kwanza bado liko mlangoni, na baada ya muda mfupi husikii tena mdundo bali mngurumo mmoja kama lori linalopanda mlima.

Tofauti hizo zote huamuliwa na boksi kuliko spika yenyewe, na hapa ndipo wanunuzi wengi hupitiliza, kwa sababu dukani macho huenda kwenye koni inayong'aa, ile sehemu ya mbele ya spika inayotetemeka, wakati boksi linaonekana kama mbao za kubebea tu. Ukiishika spika tupu mkononi na kuiunganisha, hutapata besi ya maana. Koni inaposukuma hewa mbele, kwa wakati uleule inaivuta nyuma. Hewa ya mbele huzunguka ukingo na kujaza pengo la nyuma, na sauti nzito zinafutana kabla hazijakufikia. Boksi huzuia mzunguko huo, na namna linavyouzuia ndiyo tabia ya besi utakayoipata.

Boksi la kwanza ni lile lililozibwa pande zote, lisilo na tundu. Ziba mdomo wa pampu ya baiskeli kwa kidole, kisha sukuma mpini: hewa iliyonaswa inakurudishia mkono. Hewa ndani ya boksi lililozibwa hufanya vivyo hivyo kwa koni, inaisukuma irudi mahali pake kila inapotoka, na kwa sababu hiyo koni hunyamaza upesi pigo linapokwisha. Noti zake ni safi na zenye uwiano, boksi lenyewe ni dogo, na kosa dogo la vipimo halilidhuru sana. Gharama yake ni kwamba linahitaji amplifaya, yaani chombo kinachoipa spika nguvu, yenye nguvu zaidi ili lifikie sauti ileile.

Boksi la pili lina tundu, ama la bomba la plastiki la mviringo, ama mwanya mrefu wa mbao pembeni. Kila aliyewahi kupuliza mdomo wa chupa ya soda analijua boksi hili: chupa hutoa noti yake moja, ukitia maji kidogo noti inapanda, ukiyamwaga inashuka. Boksi lenye tundu lina noti yake pia, inayotokana na ukubwa wa chumba chake pamoja na upana na urefu wa tundu, na karibu na noti hiyo hewa ya tunduni hutetemeka pamoja na koni na kuisaidia kazi, kiasi kwamba unaweza kupata sauti ambayo boksi lililozibwa lingehitaji amplifaya yenye nguvu mara mbili au zaidi kuifikia. Likipangwa kwenye hezi 32 hadi 36, ni rafiki mkubwa wa hip hop, rege na amapiano. Hata hivyo, chini ya noti hiyo koni hupoteza breki yake na huweza kurukaruka mpaka ikajiumiza, ndiyo maana amplifaya nzuri zina kichujio cha kukata sauti za chini mno, ambacho mwenye boksi la tundu hapaswi kukiacha kimezimwa.

Liko pia boksi la tatu ambalo spika imefichwa ndani na sauti hutoka tunduni peke yake. Linapiga kelele sana katika eneo dogo la sauti na mara nyingi huuzwa likiwa na kioo cha plastiki na taa za buluu. Kwa maoni yangu linamfaa anayetaka kusikika na walio nje kuliko anayetaka kusikiliza.

Hesabu za maboksi haya si siri ya mafundi. Mhandisi wa Australia Neville Thiele alichapisha kazi yake kuhusu maboksi yenye tundu mwaka 1961, na Richard Small akaiendeleza miaka ya 1970, na hadi leo vipimo vilivyomo kwenye karatasi ya ndani ya katoni ya spika nzuri hubeba majina yao. Fundi anayezijua hesabu hizo atakuomba karatasi hiyo kabla ya kugusa msumeno. Asiyezijua atapima buti kwa shubiri.

Mimi niliipuuza karatasi, na nililipia. Nilikuwa na Toyota ya saluni iliyotumika, na masikio yaliyolelewa na rumba, na bado nikashawishika kununua spika ya inchi 15 ndani ya boksi lililokwisha kutengenezwa, lenye tundu na zulia jeusi zuri. Siku ya kwanza nilifurahi kwa sababu kioo cha nyuma kilitikisika. Siku ya pili niliweka wimbo ninaoujua kwa moyo, nikagundua kwamba kila mara mpiga besi alipogusa noti ya sol gari lote lilivimba na kibao cha namba kikalia kama nyuki kwenye kopo, lakini akipanda hadi la au kushuka hadi mi, alikuwa kama ametoka nje kuvuta sigara. Niliurudisha wimbo mara nne nikidhani ni rekodi mbovu.

Nilimpelekea fundi mmoja wa makamo ambaye karakana yake ni kontena moja na mwembe. Hakufungua skrubu hata moja. Alichukua taulo alilokuwa akifutia mikono, akalikunja, akalisukuma tunduni mpaka likakaza, akanirudishia simu. "Piga tena huo wimbo, kijana." Sauti ilikuwa imepungua, hilo sikuweza kulikana, lakini noti zote zilikuwa zimerudi kwenye mstari, sol na la na mi, kila moja kwa zamu yake. "Hili boksi linajua noti moja tu," alisema. Sol ya chini ya gitaa la besi ni hezi 49, na boksi langu, tulipolipima baadaye, lilikuwa limepangwa karibu na hezi 50. Kwa kijana wa mtaani anayetaka pigo moja zito lisikike barabara nzima, lile lilikuwa boksi sahihi kabisa. Kwangu lilikuwa adhabu.

Taulo lile, kwa njia, ni kipimo ambacho mtu yeyote anaweza kukitumia bila gharama. Kama una boksi lenye tundu na hujui kama ungependa lililozibwa, ziba tundu kwa sponji au kitambaa kilichokaza, punguza sauti kidogo, sikiliza kwa wiki moja. Halitakuwa boksi lililozibwa la haki, lakini litakuonyesha upande unaopendwa na masikio yako.

Jambo moja linalosahauliwa ni kwamba gari lenyewe ni sehemu ya boksi. Wimbi la hezi 40 lina urefu wa mita 8 na nusu hivi, na hakuna gari dogo lenye chumba cha urefu huo. Wimbi lisipopata nafasi ya kutandaa, shinikizo la hewa hupanda na kushuka ndani ya chumba chote kwa pamoja. Pandisha vioo vyote, kisha mwenzako aufunge mlango kwa nguvu: ule mgandamizo unaousikia masikioni ndio huo. Kadiri sauti inavyoshuka chini ndivyo gari linavyoiongezea nguvu, na ndiyo sababu boksi dogo lililozibwa, ambalo sebuleni lingeonekana dhaifu, ndani ya gari hushuka chini kwa namna inayowashangaza watu. Ndiyo sababu pia ukiteremsha kioo besi ya chini kabisa hutoweka, na wala spika haijaharibika.

Kuhusu inchi, kuna imani mbili zinazopingana na zote zinauzwa duka moja. Ya kwanza inasema kubwa ndiyo besi. Ya pili inasema kubwa ni nzito na haiwezi kufuata muziki wa haraka. Koni inayopiga noti ya hezi 40 hutetemeka mara 40 kwa sekunde, iwe ya inchi 8 au 15. Kinachobadilika ni kiasi cha hewa kinachosukumwa kwa kila hatua: eneo la inchi 12 linazidi la inchi 10 kwa takriban asilimia 44, na la inchi 15 linazidi la 12 kwa asilimia 56, kwa hiyo ndogo inalazimika kutembea mbali zaidi kufanya kazi ileile. Uzito na uvivu ambao watu huulaumu kwa inchi hutokana zaidi na boksi lisilolingana na spika, au sabufa iliyoachwa ipige sauti za juu zisizoihusu. Spika mbili za inchi 10, ukijumlisha maeneo yake, zinaizidi moja ya inchi 12 na kuikaribia ya inchi 15. Kwa gari dogo na msikilizaji wa nyimbo mchanganyiko, inchi 10 au 12 moja katika boksi lililozibwa ni chaguo ambalo mara chache hujutiwa.

Wati ndipo penye udanganyifu mkubwa. Katoni huandikwa 1500, 2000, 3000, kwa tarakimu kubwa kuliko jina la kampuni. Mara nyingi namba hiyo ni ya kilele, nguvu ambayo chombo kinaweza kuistahimili kwa kufumba na kufumbua, na haielezi kinachoweza kufanya wimbo mzima. Kuli anaweza kuinua gunia la kilo 100 na kulisogeza hatua mbili, lakini mwenye lori humlipa kwa magunia anayobeba kutwa. Namba ya kutafuta ni ya wati za kudumu, ambayo kwenye karatasi huandikwa kwa herufi RMS, na kama haipo popote, hilo nalo ni jibu.

Kwa amplifaya kuna kipimo kinachofanyika dukani kwa macho tu. Tazama fyuzi zilizochomekwa ubavuni, jumlisha ampea zake, zidisha kwa volti 13.8 ambazo gari hutoa injini ikiwaka. Amplifaya yenye fyuzi moja ya ampea 30 haiwezi kuvuta zaidi ya wati 414 hivi kwa muda mrefu bila kuiunguza, na kwa kuwa hata zile za daraja D, ambazo hupoteza umeme kidogo, hugeuza kama asilimia 80 tu kuwa nguvu ya spika, kinachotoka ni wati 330. Hiyo "3000" iliyopigwa chapa juu yake ni pambo. Nimewahi kuifanya hesabu hii mbele ya muuzaji kwa simu yake mwenyewe, na bei ilishuka kabla sijaanza kuomba punguzo.

Pia usiumize kichwa kwa tofauti ndogo za wati. Kuziongeza mara mbili huongeza desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), ongezeko ambalo sikio hulitambua bila kustaajabu, na ili muziki usikike kama umekuwa mkubwa maradufu huhitajika takriban wati mara kumi. Anayehama kutoka wati 300 hadi 400 amebadilisha risiti zaidi kuliko sauti. Na dhana kwamba amplifaya dogo haliwezi kuiunguza spika inakubalika nusu: likilazimishwa kupita uwezo wake, mawimbi hukatwa vichwa na nguvu inayofika kwenye koili, ule waya uliozungushwa ndani ya spika, inaweza kukaribia mara mbili ya iliyoandikwa. Kwa spika isiyo na akiba, mwisho wake ni ile harufu ya waya ulioungua ambayo ukishainusa mara moja hutaisahau.

Nguvu hiyo yote lazima itoke mahali. Amplifaya la wati 500 za kweli likifanya kazi kikamilifu huvuta ampea 45 hivi, na alternata ya gari dogo, ambayo tayari inalisha taa, feni, pampu ya mafuta na kiyoyozi, haina ampea hizo za kugawa ovyo. Taa zikififia kila besi inapogonga, gari linakwambia limefika kikomo. Wengi huuziwa kapasita kubwa yenye namba za kidijitali kama dawa. Kapasita huhifadhi umeme kidogo wa kutumika kwa muda mfupi sana, haiuzalishi, na alternata iliyozidiwa itabaki imezidiwa. Bora kuanza na betri nzima, nati safi za kutuliza waya hasi kwenye bodi, na waya mnene. Katika waya nako kuna ujanja: nyingi zinazouzwa kwa bei ya kutupa ni za alumini iliyopakwa shaba. Kwangua uzi mmoja kwa wembe. Ukiona weupe ndani, unahitaji waya mnene zaidi kwa kazi ileile, au ulipie wa shaba tupu. Fyuzi ya waya mkuu iwe karibu na betri, sentimita 45 au chini ya hapo, kwa sababu inalinda waya usiwake moto endapo ngozi yake itachunika mahali njiani. Fyuzi iliyowekwa kwenye buti haiulindi waya uliopita chini ya viti vyote.

Kuna swali la omu, kipimo cha ukinzani wa umeme, ambalo nitalipita haraka: spika nyingi za sabufa zina koili mbili, na namna fundi anavyoziunganisha hubadilisha mzigo unaoonwa na amplifaya. Koili mbili za omu 4 huwa omu 2 zikiunganishwa sambamba na omu 8 zikifuatana. Hakikisha tu amplifaya lako linaruhusu mzigo utakaopatikana, na mwambie fundi akuandikie namba hiyo kwenye karatasi.

Rudi sasa kwenye buti, maana muziki hauishi peke yake humo. Boksi lililozibwa la inchi 12 huhitaji takriban lita 25 hadi 30, yaani dumu moja na nusu la maji. Lenye tundu kwa spika ileile hufika lita 50 hadi 60, madumu matatu, kabla hujahesabu unene wa mbao. Mwenye IST au Vitz, ambazo buti lake limeungana na chumba cha abiria, besi humfikia bila kizuizi. Mwenye saluni ana ukuta wa kiti cha nyuma katikati, na besi nyingi hubaki kuburudisha tairi la akiba, isipokuwa kiti kina mlango mdogo wa katikati au kinaweza kulazwa. Anayebeba mizigo kila wiki aangalie sabufa nyembamba za chini ya kiti, ambazo huja na amplifaya lake ndani. Hazitatikisa kioo, lakini kwa taarab, dansi na kwaya zinajaza pale pengo lilipo, na gunia la mchele bado linapata nafasi.

Walio nje ya gari nao wana lao la kusema. Sauti nzito hupenya ukuta na madirisha kuliko nyembamba, ndiyo maana jirani hasikii wimbo wako bali pigo lake tu, jambo linalochosha kuliko wimbo mzima. Kenya ina kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo tangu 2009, na Tanzania ina zake chini ya sheria ya mazingira, na gari lililoegeshwa halijasamehewa.

Baada ya kufunga, kazi iliyobaki ni ya masikio, na isiharakishwe kwa sababu fundi ana mteja mwingine. Kichujio cha sabufa kiruhusu sauti kuanzia hezi 80 kwenda chini, na cha milango kianzie hapohapo kwenda juu. Ukikipandisha cha sabufa hadi 120 au zaidi, sikio huanza kutambua kwamba besi inatoka nyuma yako, na mpiga besi anakuwa amekaa kwenye buti wakati bendi iko mbele. Kitufe kilichoandikwa gain si cha kuongeza sauti. Kinalinganisha nguvu ya mawimbi yanayotoka kwenye redio ya gari na ya amplifaya, na kikizungushwa hadi mwisho ndipo mawimbi yanapoanza kukatwa vichwa.

La mwisho halina gharama yoyote, na katika magari niliyokaa nimekuta limeachwa mara nyingi. Keti kwenye kiti cha dereva, vioo vimepandishwa, weka wimbo wenye gitaa la besi linalotembea, na mwombe fundi abadilishane waya chanya na hasi wa sabufa peke yake. Kwa namna moja, koni ya sabufa na za milangoni zitakuwa zikisukuma pamoja. Kwa nyingine, moja inasukuma wakati wenzake wanavuta, na besi inanyauka karibu na hezi 80 hata kama kila chombo ni kizima. Usimwambie fundi ipi ni ipi, wala yeye asikwambie. Abadilishe mara tatu au nne huku umefumba macho, na ile ambayo gitaa la besi litahama kutoka nyuma ya mgongo wako na kuja kukaa juu ya dashibodi, ndiyo aikaze skrubu.